Barazani kwa Karani: Makofi kwa Aliyetufunga

Msomaji mpendwa, juma hili nafunga daftari la ubatizo, naweka kalamu ya ofisi pembeni, nataka nikuchukue safari. Ni safari ya mwezi wa Agosti, mwaka 2025, nilipokwenda Nairobi pamoja na mwanangu wa kwanza kutazama fainali ya mpira wa miguu. Wengine wenu mmenisimamisha njiani hapa Wazo mkaniuliza, "Karani, tangu lini ukawa mtu wa mpira?" Jibu langu ni hili, nanyi mtaona wenyewe kwamba mpira ulikuwa nusu tu ya safari.

Kwanza, kwa ajili ya bibi zetu wasiofuata habari za michezo, nieleze kidogo. Mashindano yale huitwa CHAN. Ni mashindano ya mataifa ya Afrika, lakini wanaoruhusiwa kucheza ni wale tu wanaochezea ligi za nchi zao. Waliokwenda kutafuta riziki Ulaya hawamo. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, yaliandaliwa na nchi tatu kwa pamoja: Tanzania, Kenya na Uganda. Timu zilikuwa 19, na michezo ilianza tarehe 2 Agosti ikaisha tarehe 30. Mchezo wa kufungua ulikuwa hapa kwetu, Uwanja wa Benjamin Mkapa, na Taifa Stars wakaifunga Burkina Faso mabao 2 kwa 0. Usiku ule hapa Wazo hata jogoo walipoteza hesabu ya saa.

Usiku ule ule mwanangu, aliyekuwa darasa la sita, akaniambia, "Baba, Stars wakifika fainali, tutakwenda Nairobi?" Nikasema, "Wakifika, tutakwenda." Mzazi mwenzangu, unajua jinsi ahadi za namna hii zinavyotoka kinywani. Hutoka upesi kwa sababu moyoni unadhani hazitadaiwa.

Na kweli, ilikuwa karibu zisidaiwe. Tarehe 22 Agosti, siku ya Ijumaa, Stars walifungwa na Morocco bao 1 kwa 0 hapa hapa Dar es Salaam. Bao lile lilifungwa katika kipindi cha pili na kijana aitwaye Oussama Lamlioui. Shika jina hilo, nitalirudia. Jioni ile ile huko Nairobi, Kenya walitolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti baada ya sare ya 1 kwa 1. Kesho yake huko Kampala, Uganda wakafungwa na Senegal 1 kwa 0. Katika siku mbili wenyeji watatu wote wakatolewa, kila mmoja nyumbani kwake. Mwanangu alilala bila kula, na asubuhi akasema hataki tena kusikia neno Morocco maisha yake yote.

Ndipo dada yangu mkubwa aliyeolewa Nairobi akapiga simu. "Shemeji yako alikwisha kununua tiketi nne," alisema. "Alitumaini itakuwa Kenya na Tanzania. Tiketi zipo. Mwlete mtoto."

Hapa, msomaji, sina budi kukueleza jambo la nyumbani, ambalo kama ningelificha safari yote isingekuwa na maana. Mimi na shemeji huyo hatukuwa tukizungumza. Baba yetu alifariki mwezi wa Juni mwaka 2020, wakati wa korona. Mwezi mmoja kabla yake, tarehe 16 Mei, serikali ya Kenya ilitangaza kufunga mpaka wake na Tanzania, isipokuwa kwa malori ya mizigo. Dada na mumewe hawakufika mazishini. Dada aliniambia kwamba walifika hadi Namanga wakarudishwa. Mimi nikasema moyoni, "Anamtetea mumewe. Wapo wanaopita njia za panya, yeye ameshindwaje?" Dada nilimsamehe, maana dada ni dada. Shemeji sikumsamehe. Alinitumia salamu za pole kwa simu, sikuzijibu. Mpaka ulifunguliwa baadaye, watu wakaenda na kurudi, lakini mimi mlango wangu niliuacha umefungwa miaka mitano. Nami ndiye karani ambaye kila juma huwaandikia watu ratiba ya mafundisho ya ndoa na amani ya nyumba!

Nilitaka kukataa. Mke wangu akaniambia neno moja tu: "Mtoto ulimwahidi Nairobi. Hukumwahidi Stars." Nikajua maana yake.

Basi, Baba Paroko akaniruhusu kukosa Jumapili moja, mwalimu mkuu akampa mtoto ruhusa ya Ijumaa, tukaondoka alfajiri kutoka Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis. Ni mwendo wa karibu kilomita 900: Chalinze, Korogwe, Same, Moshi, Arusha, halafu Namanga. Ukitaka kumjua mwanao, panda naye basi siku nzima. Tulipokwisha kumaliza mihogo yote aliyotufungia mama yake, alianza kuuliza maswali, nami nikamweleza habari za John Stephen Akhwari.

Wazee mnaikumbuka. Tarehe 20 Oktoba 1968, huko Mexico City, Akhwari aliikimbilia Tanzania katika marathoni ya michezo ya Olimpiki. Njiani alianguka akaumia goti vibaya. Mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia na watu wengi wamekwisha kwenda zao, Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akamaliza wa mwisho. Wale wachache waliobaki wakampigia makofi. Mwanangu akauliza, "Walikuwa Watanzania?" Nikamwambia, "Hapana. Walikuwa watu wa huko huko, na wageni wa nchi nyingine." Akanyamaza, akatazama mlima wa Kilimanjaro uliojifunika mawingu. Nilidhani amesinzia.

Namanga siku hizi maofisa wa nchi mbili hukaa chini ya paa moja. Unagongewa muhuri wa kutoka, unapiga hatua chache, unagongewa wa kuingia. Wakati tukingojea basi likaguliwe, nilinunua maji kwa mama mmoja muuzaji wa shanga, nikamwuliza palikuwaje mwaka ule wa korona. Akanionyesha barabara kwa kidevu. "Malori tu," alisema, "mpaka huwezi kuona mwisho wake. Watu walikuja wakalia hapa, wakarudi." Mimi nimezoea kuona malori ya saruji yamepanga foleni chini ya kilima chetu cha Wazo, kwa hiyo picha ile niliiona vizuri kabisa. Niliona na gari moja dogo katikati yake, na watu wawili ndani wamevaa nguo za msiba. Nikapanda basi bila kusema neno.

Tulifika usiku. Shemeji alikuwa amesimama kituoni amevaa koti zito, maana Nairobi mwezi wa Agosti ina baridi ya kumshangaza mtu wa pwani. Mwanangu akamwambia, "Shikamoo," naye akacheka kwa furaha, akasema hajaisikia salamu hiyo tangu mwaka gani sijui. Mimi nilimpa mkono. Tuliulizana habari za njia, kama watu wanaokutana kwenye foleni ya benki.

Jumamosi asubuhi akatutembeza mjini. Nitakutajia mahali pawili tu, maana mengine utayaona mwenyewe ukienda.

Pa kwanza ni Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Yalifunguliwa mwaka 1971. Nje pamepangwa injini kubwa za moshi, na watoto huruhusiwa kupanda juu yake. Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli. Ujenzi ulianzia Mombasa mwaka 1896, ukafika hapo mwaka 1899, wakati mahali pale palikuwa bwawa la maji baridi, ambalo Wamasai ndio walilolipa jina hilo, na mwaka 1901 reli ikafika Ziwa Viktoria. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India, na zaidi ya 2,000 kati yao walikufa. Mwanangu alisimama muda mrefu mbele ya behewa ambamo, mwaka 1900 pale Kima, simba aliingia usiku akamchukua ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall. Ofisa huyo alikuwa amekaa humo akimvizia simba yule yule, usingizi ukamshinda. Shemeji akamwambia mtoto, "Umeona? Anayevizia asilale." Nikacheka kabla ya kukumbuka kwamba nimekasirika.

Pa pili ni bustani ndogo kwenye kona ya barabara za Moi na Haile Selassie. Hapo palikuwa ubalozi wa Marekani. Tarehe 7 Agosti 1998, saa nne na nusu hivi asubuhi, bomu lililipuliwa pale, na dakika chache kabla au baada yake jingine likalipuka kwetu Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu zaidi ya 200 na maelfu wakajeruhiwa. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka lote. Dar es Salaam walikufa watu 11. Majina yameandikwa ukutani. Ni mahali pa kimya katikati ya mji wenye makelele, na watu huja wakakaa kwenye majani na magazeti yao.

Shemeji akatuambia kwamba siku ile alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na mama yake alikuwa akiuza viazi karibu na stesheni. Walimngoja mpaka usiku. Alikuja kwa miguu, hana viatu, nywele zimejaa vumbi la vioo, akaketi mlangoni asiweze kusema. Mimi nikamweleza kwamba nilikuwa darasa la pili, nakumbuka wakubwa wote wa mtaa wamezunguka redio moja, na baba yangu ameshika kichwa. Nilipotaja jina la baba, sote wawili tulinyamaza. Shemeji akasema polepole, "Alikuwa mzee mwema kwangu." Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo, msomaji. Sikusema. Nilitazama majina ukutani kana kwamba namtafuta mtu ninayemjua.

Tukala mchana, ugali na sukuma wiki na nyama, kisha tukapanda matatu. Hizo ni daladala za kwao, ila zimechorwa sura za watu maarufu na ndani yake muziki hupigwa mpaka viti vinatetemeka. Tukafuata barabara ya Thika mpaka Kasarani.

Uwanja wa Kasarani ulifunguliwa mwaka 1987 kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Njia nzima tulitaniana, maana angalia jinsi mambo yalivyokaa: fainali ilikuwa kati ya Morocco waliotutoa sisi, na Madagascar waliowatoa wao. Basi sisi wa Dar es Salaam tukawa Madagascar, na shemeji akawa Morocco, kila mtu akimshangilia adui wa mwenzake. "Tena sisi," shemeji akasema, "hao Morocco tuliwafunga 1 kwa 0 kwenye makundi. Ninyi mlishindwa nini?" Mwanangu akamjibu, "Na hao Madagascar waliowatoa ninyi leo wanachukua kombe." Dada akasema angejua angebaki nyumbani.

Mchezo ulikuwa wa kupendeza. Madagascar, waliokuwa katika fainali ya kwanza maishani mwao, walifunga mapema kabla dakika kumi hazijatimia, nasi tukarukaruka. Morocco wakasawazisha. Karibu na mapumziko wakafunga la pili, na mfungaji alikuwa Lamlioui. Mwanangu akajifunika uso kwa kofia. "Ni yule yule, Baba." Kipindi cha pili Madagascar wakasawazisha, 2 kwa 2, na uwanja ukalia kama mvua juu ya mabati.

Ikafika dakika ya 80. Lamlioui akaupata mpira mbali, mita zaidi ya thelathini kutoka langoni, mahali ambapo mtu mwenye akili za kawaida hutafuta wa kumpasia. Akaupiga. Ukapaa juu, ukampita mlinda mlango, ukaingia. Kwa muda wa pumzi moja uwanja mzima ulikuwa kimya, kisha kelele zikatoka kila upande.

Mimi niliketi, mikono magotini. Lakini mwanangu alikuwa amesimama, anapiga makofi kwa nguvu zake zote. Nikamvuta shati. "Wewe! Unampigia makofi aliyetufunga?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Baba, ni zuri. Wale wa Mexico si walimpigia Akhwari? Na hakuwa wa kwao."

Msomaji, nimesoma chuo cha ualimu. Nilifundishwa namna ya kupanga somo, namna ya kuuliza maswali, namna ya kujua kama mtoto ameelewa. Hakuna aliyenifundisha nifanye nini mtoto akilielewa somo kuliko mwalimu.

Nikamgeukia shemeji. Timu aliyoishangilia ilikuwa inaongoza, naye angeweza kutucheka, hiyo ndiyo haki ya utani. Hakucheka. Aliniwekea mkono begani, akasema, "Pole, shemeji." Ni neno lile lile alilonituma mwaka 2020, nikaliacha bila jibu. Nikasimama. Nikapiga makofi.

Mchezo uliisha 3 kwa 2, Morocco wakachukua kombe hilo kwa mara ya tatu, na Lamlioui akawa mfungaji bora wa mashindano kwa mabao yake 6. Wachezaji wa Madagascar walilala majanini wakilia, na mwanangu akawapigia makofi na wao.

Wakati tukitembea gizani kutafuta usafiri, dada na mtoto wametangulia, nikamwambia shemeji: "Mwaka ule ulinipa pole, sikuipokea. Tena nilikusema vibaya kwa watu. Nimepita Namanga jana, nimepaona. Nisamehe." Alitembea hatua kadhaa. Akasema, "Tulilala kwenye gari usiku mmoja, mimi na dada yako. Asubuhi akaniomba tusali pale pale barabarani saa ile mliyosema mnazika." Halafu akaongeza, "Twende haraka, matatu zitajaa." Hapo ndipo tulipomaliza maneno yetu. Kesho yake, kabla ya basi kuondoka, alimpa mtoto koti lake zito, naye akarudi nyumbani na fulana.

Sasa wewe unayetaka kusafiri, shika haya machache. Kila mtu, hata mtoto, awe na hati yake ya kusafiria. Usiende mpakani kwa maneno matupu. Chukua kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badili fedha dukani kwa wabadilishaji, si kwa vijana wa barabarani. Na usidanganywe na bei: mwanangu aliona chai shilingi 50 akataka kununua vikombe vitatu, mpaka nilipomkumbusha kwamba wakati ule shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 19 za kwetu, yaani kikombe kimoja karibu 950.

Na la mwisho. Mwaka 2023 nchi zetu tatu zilipewa kuandaa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Wageni wakija kwetu, wapo watakaotufunga. Tutaumia, si kosa kuumia. Lakini wewe mwenye ndugu ambaye hamjasalimiana tangu msiba fulani, au harusi fulani, au kiwanja fulani, usingojee mpira. Mimi nilihitaji kilomita 900 na mtoto wa darasa la sita. Labda wako yuko nyumba ya pili tu hapa Wazo. Nenda kabla jua halijazama leo, ukampe mkono.

Haya, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.